Aliyesimama Kando ya Mfalme: Miaka ya Sotigui Kouyaté Mbele ya Kamera

Februari 2009, tamasha la filamu la Berlin lilimkabidhi Sotigui Kouyaté Dubu wa Fedha, tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Jopo la waamuzi liliongozwa na Tilda Swinton. Mzee alikuwa na miaka 72, na kamera ilikuwa imeanza kumfuata tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wengi waliompigia makofi walikuwa wamekwisha kumwona katika filamu hii na ile bila kulishika jina lake. Ukiwauliza wangesema ni yule Mwafrika mrefu mno, mwembamba, anayetembea kana kwamba hakuna anayemsubiri.

Huo ndio ujira wa kawaida wa waigizaji wa aina yake: sura inajulikana, jina halijulikani. Wanaingia filamu ikiwa imeshaanza, wanasema maneno mawili matatu, wanatoka, na ukifika nyumbani unawakumbuka wao kuliko kijana aliyeishia kumwoa binti. Mhakiki Roger Ebert wa Chicago aliwahi kutunga kanuni ya nusu mzaha kwamba filamu yoyote yenye Harry Dean Stanton au M. Emmet Walsh katika nafasi ndogo haiwezi kuwa mbaya yote. Angeongeza jina la Kouyaté, kanuni yake isingepungua nguvu.

Tofauti ni kwamba Stanton na Walsh waliipata nafasi hiyo sokoni, kwa kugonga milango ya Hollywood. Kouyaté aliikuta nyumbani.

Ukoo wa Kouyaté ni ukoo wa majeli, wale walinzi wa nasaba na masimulizi ambao dunia inawafahamu zaidi kwa jina la Kifaransa, griot. Wanamtaja babu yao Balla Fasséké, jeli wa Sundiata Keita aliyeasisi dola la Mali katika karne ya 13. Masimulizi ya Wamandinka yanasema baba yake Sundiata alimpa mwanawe huyo mtu kama urithi, mtoto akiwa bado hawezi hata kutembea. Baadaye kaka wa kambo aliyekalia kiti alimtuma Balla Fasséké kwa Soumaoro Kanté, mfalme wa Wasosso, na Soumaoro akamzuia huko huko. Sundiata alivumilia kunyimwa ufalme. Kunyang'anywa jeli wake hakukuvumilia. Balafoni inayosemekana ilikuwa ya Soumaoro ingali inatunzwa Niagassola, Guinea, mikononi mwa watu wa ukoo huo, na mwaka 2001 UNESCO iliutangaza utamaduni unaoizunguka kuwa miongoni mwa hazina za binadamu.

Jeli hatawali. Anasimama kando ya anayetawala. Mfalme ananong'ona, jeli anapaza. Akitokea mgomvi, jeli anapatanisha; ikifika ndoa au msiba, jeli ndiye anayejua nani ni mtoto wa nani na neno gani lisisemwe leo. Mtu aliyelelewa katika kazi hiyo hana sababu ya kuona haya jina lake likiandikwa la tano kwenye bango la filamu. Kwa hesabu za kwao, aliye kando ndiye anayelibeba jina la aliye katikati.

Alizaliwa Bamako mwaka 1936, nchi ikiwa bado ni koloni la Wafaransa. Alizoea kujieleza kuwa ni Mguinea kwa asili, Mmali kwa kuzaliwa na Mburkinabe kwa kupokelewa, na haikuwa majivuno: majeli walikuwa wakizunguka eneo hilo lote kabla ya mtu yeyote kuchora mistari ya mipaka juu yake. Maisha yake ya ujana na utu uzima yalikuwa Volta ya Juu, nchi ambayo mwaka 1984 ilikuja kuitwa Burkina Faso.

Kabla ya kuwa mwigizaji alikuwa mchezaji mpira, tena wa timu ya taifa. Alikuwa pia mtumishi wa serikali, mwenye meza na majalada. Hizi ni habari ambazo waandishi wa Ulaya huzitaja kama kichekesho kabla ya kurukia mambo ya Paris, lakini zinastahili kukaliwa kidogo. Mtazame anavyosimama kwenye filamu yoyote. Uzito wote uko kwenye mguu mmoja, mabega yamelegea, macho yanasoma uwanja. Hicho si kitu anachofundishwa mtu katika chuo cha sanaa. Ni mwili wa mtu aliyewahi kusubiri pasi dakika nzima bila kujua itatoka upande gani. Na ofisi nayo ilimpa jambo moja kubwa: mshahara. Mwaka 1966 alipoingia kwenye maigizo ya jukwaani na kuanzisha kikundi chake, hakuhitaji kila igizo limlishe. Aliweza kukataa, na aliweza kungoja.

Ouagadougou, mji mkuu wa Volta ya Juu, nayo ilikuwa mahali pazuri pa kungojea. Mwaka 1969 mji ule uliandaa tamasha la filamu lililokuja kuwa FESPACO, na mwaka 1970 serikali ikazitaifisha kumbi za sinema zilizokuwa mikononi mwa makampuni ya kigeni. Nchi maskini kabisa ikawa na mji mkuu ambamo watu walibishana kuhusu filamu za Kiafrika wakiwa foleni. Mwigizaji wa jukwaani akiishi mji kama huo, kamera itamkuta tu. Ya kwanza kumkuta ilikuwa ya Mustapha Alassane wa Niger, katika filamu ya FVVA ya mwaka 1972, dhihaka juu ya watu wanaodhani maisha ni mke, gari, nyumba ya kifahari na pesa. Kouyaté alikuwa na miaka 36. Katika umri huo waigizaji wengi wa Hollywood wameanza kuhesabu miaka iliyobaki.

Miaka kumi baadaye alicheza katika Le Courage des autres ya Christian Richard, kuhusu msafara wa mateka wanaopelekwa utumwani. Filamu hiyo karibu haina mazungumzo. Mjukuu wa wasema-maneno alipewa nafasi ambamo karibu hakuna la kusema, na pengine hapo ndipo sinema ilipogundua kipaji chake hasa. Kila mtu hudhani jeli ni mtu wa kusema. Ukweli ni kwamba muda mwingi wa kazi yake ni kusikiliza, kwa sababu asiyesikiliza hana cha kurithisha. Kouyaté aliweza kusikiliza mbele ya kamera. Wachache mno wanaweza. Waigizaji wengi, mwenzao akiongea, wanangoja zamu yao, na kamera, ambayo haina adabu, inaonyesha kwamba wanangoja.

Kupitia filamu ndipo Peter Brook alipomwona. Mwongozaji huyo Mwingereza aliyekuwa na ukumbi wake Paris, Bouffes du Nord, alikuwa akitafuta watu wa kuigiza Mahabharata, utenzi mkuu wa Kihindi, na hakutaka Wahindi watupu wala Wazungu watupu. Jean-Claude Carrière aliiandika upya kwa ajili ya jukwaa. Julai 1985, katika machimbo ya mawe ya Boulbon karibu na Avignon, watazamaji walikaa kwa saa tisa wakitazama ukoo mmoja ukijimaliza. Draupadi alikuwa Mallika Sarabhai wa India. Bhishma, mzee wa ukoo, alikuwa Kouyaté.

Ni vigumu kufikiria nafasi iliyomfaa zaidi. Bhishma ni mrithi halali anayekiacha kiti cha enzi ili baba yake aoe anayempenda. Anaapa asioe wala asizae, na kwa kiapo hicho anapewa uwezo wa kuchagua saa ya kufa kwake. Anabaki kando ya wafalme, kizazi baada ya kizazi, akiwashauri watu wasioshaurika, hadi anapoanguka juu ya kitanda cha mishale. Yaani Bhishma naye ni mtu wa kando. Mtazamaji wa New York alidhani anaona uvumbuzi wa Brook. Mtu wa Niagassola angedhani anamwona mjomba wake. Onyesho lilizunguka dunia kwa Kifaransa na kisha kwa Kiingereza, na mwaka 1989 likawa filamu.

Mwaka uliofuata Brook alimpa Prospero katika The Tempest, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanayo tangu mwaka 1969 kwa tafsiri ya Samuel Mushi, Tufani. Wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa mazoea kuisoma tamthilia hiyo kama hadithi ya ukoloni: Prospero bwana, Caliban mtumwa. Brook akamweka Mwafrika kwenye kiti cha bwana, na Caliban akawa David Bennent, Mzungu mdogo wa umbo. Wapo waliosema ni ujanja wa kukwepa siasa. Huenda. Lakini Kouyaté aliuondoa ubwana wenyewe na kumfanya Prospero mchawi ambaye uganga wake unamchosha, na anayetafuta namna ya kuuweka chini.

Kwa hiyo Paris ikawa makazi, na kamera za Ulaya zikaanza kuita. Hapa hadithi inapata doa ambalo wanaomsifu hupenda kulifunika. Sinema ya Ulaya ilikuwa na sanduku dogo la nafasi kwa mwanamume Mwafrika mwenye mvi. Ndani yake mlikuwa na mganga, mwenye busara, mhamiaji mpole, na mzee wa jangwani. Kouyaté alipitishwa humo karibu mote. Bernardo Bertolucci alimtumia katika The Sheltering Sky ya 1990, filamu ambamo Sahara nzima na watu wake wapo ili wanandoa wa Kimarekani wapotee vizuri. Stephen Frears alimpa dakika chache katika Dirty Pretty Things ya 2002. Dakika hizo anazitendea haki, lakini mtu anayepewa mafungu madogo kila siku atajifunza kula kidogo, na hilo si jambo la kushangilia.

Palipokuwa na mwanya, aliutanua. Katika Tombés du ciel ya Philippe Lioret, ya 1993, msafiri anayechezwa na Jean Rochefort anafika uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle bila pasipoti na kuwakuta humo watu waliokwishafanya eneo la abiria kuwa makazi yao. Kouyaté ni mmoja wao, jina lake Knak. Filamu nyingine ingemfanya mtu wa kuhurumiwa. Yeye anamcheza kama mwenyeji: anajua milango, anajua zamu za walinzi, anamwonyesha Mzungu mgeni mahali pa kulala. Ni ucheshi mkavu. Kila anayeisifu busara yake angetazama kwanza hapa ajue kwamba mzee alikuwa na utani.

Kilichomwokoa kutoka kwenye sanduku lile ni kwamba hakuacha kufanya kazi na Waafrika wenzake, akiwamo mwanawe wa kumzaa. Dani Kouyaté aliongoza Keita! mwaka 1995, na baba akacheza Djéliba, jeli anayetoka kijijini hadi Ouagadougou, nyumbani kwa familia ya tabaka la kati, kumwambia mtoto Mabo Keita maana ya jina lake. Mtoto ananogewa na masimulizi ya Sundiata mpaka masomo yanaporomoka. Mwalimu analalamika, mama anakasirika, baba hajui aegemee upande gani. Ingekuwa rahisi kumfanya Djéliba mtakatifu na mwalimu mpumbavu. Kouyaté hakubali urahisi huo. Djéliba wake ni mkaidi, anafunga machela yake uani mwa watu bila kuomba, anajua fika kwamba anamvurugia mtoto shule, na anaendelea. Ukiwa na mtoto anayekaribia mtihani wa taifa utamwelewa mama yule vizuri kabisa.

Hapo pana funzo ambalo mwigizaji kijana angeweza kulichota bila kulipa ada: mhusika mwenye hekima hanogi mpaka awe na kosa. Kouyaté alilifahamu hilo, na filamu zake nzuri zote zimesimama juu yake. Katika La Genèse ya Cheick Oumar Sissoko, ya 1999, iliyopeleka hadithi ya Biblia kwenye majabali ya Mali, yeye ni Yakobo anayemlilia Yusufu. Mzee huyo ana huzuni iliyozidi mpaka imekuwa uchoyo: amejifungia na msiba wake, na wanawe walio hai wanaharibika nje. Esau, kaka yake mwenye kisasi, anachezwa na mwanamuziki Salif Keita. Watu wa Mali waliona ndani ya jambo hilo utani ambao wageni hawakuuona. Salif Keita ni wa ukoo wa Sundiata, ukoo ambao kwa mila hauimbi. Kuimba ni kazi ya akina Kouyaté. Yeye alivunja mwiko akaimba. Sasa mwana wa wafalme aliyechukua kazi ya jeli anasimama uso kwa uso na jeli aliyepewa nafasi ya baba wa mataifa.

Rachid Bouchareb, mwongozaji Mfaransa mwenye asili ya Algeria, ndiye aliyempa hatimaye jina la kwanza kwenye bango. Katika Little Senegal ya 2001, Kouyaté ni Alloune, mtembezaji wageni katika Nyumba ya Watumwa kisiwani Gorée. Amewaeleza watalii wengi mno habari za mababu waliouzwa, mpaka siku moja anaamua kwenda kuwatafuta wazao wao. Anapekua kumbukumbu za mashamba ya South Carolina, anafuata jina la ukoo hadi Harlem, na anamkuta Ida, mwanamke anayeuza magazeti kwenye kibanda. Alloune amekuja na nasaba mkononi kama jeli yeyote. Ida hana haja nayo. Ana kodi ya kulipa na mjukuu mwenye mimba. Bouchareb hakupaka sukari uhusiano wa Wamarekani weusi na Waafrika waliohamia karibu yao: wanadharauliana, wanaogopana, wanagombania kazi zile zile. Kouyaté anacheza polepole kufahamu kwa mzee kwamba undugu wa kwenye karatasi haujawa undugu. Anaokota magazeti, anabeba mizigo, ananyamaza. Hiyo ndiyo filamu ambayo mtu angepaswa kuanza nayo.

London River, iliyomletea tuzo ya Berlin, ni ya Bouchareb pia. Julai 7, 2005 mabomu yalilipuka kwenye treni za chini ya ardhi na basi moja jijini London. Filamu inawachukua wazazi wawili wasiojuana. Elisabeth, anayechezwa na Brenda Blethyn, ni mjane Mkristo wa kisiwa cha Guernsey. Binti yake hapokei simu. Ousmane ni Mwislamu kutoka Afrika anayefanya kazi ya kutunza miti nchini Ufaransa. Anamtafuta mwanawe aliyemwacha akiwa mtoto mdogo. Inagundulika kwamba vijana hao walikuwa wakiishi pamoja. Wanapokutana mara ya kwanza mwanamke anaogopa, na polisi wanamhoji mzee. Wanazungumza Kifaransa, lugha ambayo kila mmoja ameipata kwa njia yake.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ousmane ni mzazi asiyeona kama hata uchungu huo ni haki yake, kwa sababu hakumlea mtoto huyo. Hajui mwanawe ana sura gani sasa. Kouyaté hamwombei msamaha wala hamtetei. Blethyn, ambaye uigizaji wake ni wa juu, wa machozi na mikono, anapata mtu wa kumpokea: anamwaga, naye anakinga. Bila yeye mama yule angeonekana anapiga kelele. Bila mama yule ukimya wa mzee ungeonekana pozi. Tuzo ilienda kwa mmoja, na inaruhusiwa kusema kwamba ilikuwa ya wawili.

Kati ya Little Senegal na London River alirudi kwa Brook mwaka 2004 kucheza Tierno Bokar, shehe na mwalimu wa Bandiagara, kwa kutegemea kitabu cha Amadou Hampâté Bâ. Humo ugomvi wa idadi ya mara za kusoma dua, kumi na moja au kumi na mbili, unagawanya jamii na kumwaga damu chini ya utawala wa Wafaransa. Na miaka kabla ya hapo, mwaka 1997, alishiriki kuanzisha Mandeka Theatre jijini Bamako, ili kijana wa Mali apate kufanya jukwaani kazi ambayo yeye alilazimika kuhamia Paris kuifanya.

Alifariki Paris Aprili 17, 2010, miezi kumi na minne baada ya Berlin. Mwigizaji wa sinema anayepewa tuzo kubwa uzeeni hutarajiwa kuvuna; Kouyaté hakupata msimu wa mavuno. Dani ameendelea na filamu, na ndugu yake Hassane Kassi Kouyaté ni msimuliaji na mwongozaji wa jukwaani ambaye mwaka 2019 alishika uongozi wa tamasha la sanaa za nchi zinazozungumza Kifaransa huko Limoges. Mahamat-Saleh Haroun wa Chad, kabla hajawa jina kubwa katika sinema, alitengeneza filamu ya maisha halisi kumhusu mzee huyo na kumwita jeli wa kisasa. Keita! inaonyeshwa bado kwenye vyuo vinavyofundisha fasihi simulizi, Little Senegal haipatikani kirahisi inavyostahili, na London River ndiyo inayotafutwa zaidi, kwa sababu ya tuzo.